Tumbo linaweza kuchosha na kuumiza mwili mzima? Jibu kwa mwalimu ambaye hajapona tangu aharishe mwaka juzi

"Shikamoo daktari. Nina miaka 34, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mwanza, nina watoto wawili. Mwaka juzi niliharisha vibaya karibu wiki mbili, nikaambiwa ni amiba na taifodi, nikatibiwa nikapata nafuu. Ila tangu hapo tumbo halijarudi kuwa tumbo langu, linajaa gesi, leo choo kigumu kesho nakimbilia msalani, na miezi kadhaa baadae mwili wote ukaanza kuuma, mabega, kiuno, nyonga mpaka vidole, nalala masaa nane naamka nimechoka kama nimetoka kulima. Nimepima taifodi mara sita na mara zote wanasema ipo, nimemeza sipro na Flagyl mpaka nimezichukia. Dozi ya H. pylori pia nilimaliza. Maumivu yakizidi nameza diklofenaki, siku hizi ni karibu kila siku. Sasa kuna dada ananiuzia dawa ya kusafisha utumbo kwa laki na nusu, anasema utumbo wangu umetoboka na sumu inavuja inaenda kwenye viungo ndo maana nachoka. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Hivi kweli tumbo linaweza kufanya mwili mzima uchoke na uume? Na hiyo dawa ninunue?"

Marahaba mwalimu, na pole sana. Miaka miwili ya kuamka umechoka sio kitu kidogo, na kwa mwalimu ni kusimama mbele ya darasa lililojaa huku mgongo unawaka na tumbo linaunguruma na huwezi kutoka mpaka kengele ilie. Nianze na majibu mafupi alafu nieleze taratibu. Ndiyo, tumbo linaweza kabisa kuhusika na uchovu na maumivu ya mwili mzima, hilo hujalitunga. Hapana, hiyo dawa ya laki na nusu usinunue, na nitakwambia hiyo hela uipeleke wapi. Na baba watoto ana neno lake huko chini.

Kuna kisa ambacho nawasimulia karibu wagonjwa wangu wote wanaokuja na maelezo kama yako. Kilitokea mbali na Mwanza, mji wa Bergen huko Norway. Mwaka 2004 inaaminika maji taka yalivujia kwenye ziwa la Svartediket ambalo linawapa maji ya kunywa watu wa katikati ya mji, na ndani yake kulikuwa na giadia, kile kidudu cha kuharisha ambacho maabara zetu wanakijua vizuri sana. Watu 1,252 walithibitishwa kwa vipimo, na waliougua bila kupimwa ni wengi zaidi. Walitibiwa, wengi kwa metronidazoli, yaani hiyo hiyo Flagyl yako, na kidudu kikaondoka. Sasa madaktari wa kule hawakuishia hapo, waliendelea kuwafuatilia wale watu mwaka baada ya mwaka na kuwalinganisha na wakazi wengine wa hukohuko ambao hawakuugua. Baada ya miaka 3 waliougua, asilimia 46 walikuwa na kitu kinachoitwa IBS, yaani utumbo unaouma na kuvurugika choo bila kidonda wala mdudu anayeonekana, wakati kwa wasiougua ni asilimia 14 tu. Uchovu sugu nao ulikuwa asilimia 46, kwa wasiougua 12. Ilipofika miaka 10 tumbo lilikuwa bado linawasumbua asilimia 43, ila uchovu ulikuwa umeshuka mpaka asilimia 26.

Naomba uzitazame hizo namba kama mwalimu wa hesabu. Kwanza, mtu anaweza kuharisha, akatibiwa kwa dawa sahihi, mdudu akaisha kabisa, na bado miaka mitatu baadae akawa na tumbo bovu na mwili usio na nguvu. Kwahiyo kuendelea kumtafuta mdudu na kumuua mara ya sita na ya saba hakumsaidii huyo mtu. Pili, uchovu ulikuwa unapungua. Polepole sana, ndiyo, lakini ulipungua, na hilo nataka ulishike kwasababu najua usiku unajiuliza kama utakuwa hivi maisha yote.

Sasa inakuwaje tumbo lililokwisha pona liendelee kusumbua mpaka mabega? Fikiria mlinzi wa usiku. Mtaa umevamiwa na majambazi mara moja, vibaya, tangu siku ile mlinzi hata paka akiruka ukuta anapiga filimbi na mtaa mzima unaamka. Majambazi walishaondoka zamani, ila filimbi ni ya kweli na usingizi mliokosa ni wa kweli. Ukuta wa utumbo una neva zake, zaidi ya milioni 100, na una askari wengi sana wa kinga ya mwili kwasababu kila siku kitu kigeni kinapita pale, chakula. Maambukizi makali yakija wale askari wanamwaga kemikali zinazozifanya neva ziwe nyepesi kushtuka, na kwa baadhi ya watu zile neva hazirudi kwenye hali yake hata vita vikiisha. Gesi ya kawaida ya maharage ambayo zamani usingeisikia, leo inakukata tumbo.

Taarifa inapanda juu kupitia mishipa ya fahamu, mmoja mkubwa unaitwa vegasi, na watu wengi wanadhani ubongo unatumia huo mshipa kuliamrisha tumbo, kumbe karibu asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari kutoka chini kwenda juu. Ubongo unaopigiwa filimbi mchana na usiku unabadilika, unaongeza sauti ya kila kitu, shinikizo dogo kwenye bega linakuwa maumivu, kelele za watoto zinaumiza, mwanga unaumiza. Na zile kemikali za kinga zina kazi nyingine unayoijua vizuri bila kujua jina lake. Ukiumwa malaria, ule mwili kuisha nguvu, kutotaka kula, kutotaka kuongea na mtu, kwa sehemu kubwa unaletwa na kinga yako mwenyewe inayouambia ubongo "mlaze huyu apumzike". Ni mpango mzuri wa mwili kwa siku tano. Ukikwama kwenye hali hiyo kwa miaka miwili, hata kwa kiwango kidogo, ndo unakuwa hivyo ulivyo. Ongeza na usingizi usiotuliza, maana mtu asiyelala vizuri anasikia maumivu zaidi na mwenye maumivu halali vizuri, na hilo gurudumu linazunguka lenyewe hata tumbo likitulia.

Kwahiyo hayo ni "mawazo"? Hapana. Stresi inaongeza sauti, kweli, na mtu aliyepitia kipindi kigumu yuko kwenye hatari zaidi ya kubaki na hali hii baada ya kuharisha. Ila neva zilizobadilika ni kitu cha mwilini.

Tuje kwa yule dada na sumu zake. Utumbo uliotoboka ni dharura ya upasuaji, mtu anakuwa mahututi ndani ya masaa, hamna anayetembea nao miaka miwili huku anasahihisha madaftari. Wanachokichukua hawa wauzaji na kukigeuza ni jambo la kweli ambalo ni dogo kuliko wanavyolitangaza. Seli za ukuta wa utumbo zimeshikana kwa vifundo, na vile vifundo vinaweza kulegea kidogo baada ya maambukizi, kwa pombe, kwa magonjwa fulani, vitu vidogo vikapenya na kuwaamsha askari wa kinga. Utafiti upo. Ila hamna kipimo cha kuaminika cha kukuambia wewe leo umelegea kiasi gani, na hamna dawa ya kusafisha utumbo iliyothibitishwa kuvikaza. Ukinywa dawa ya kusafisha utumbo utaharisha, utapoteza maji na chumvi, utajisikia mwepesi siku mbili kwasababu tumbo ni tupu, alafu utarudi palepale bila laki na nusu. Na kitu ambacho hakuna anayekwambia, moja ya vitu vinavyojulikana vizuri kabisa kulegeza na kuchubua huo ukuta ni diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao. Nitarudi hapo.

Kuhusu bakteria wa utumbo, hapa nataka niwe mkweli maana kuna kutia chumvi kwingi. Tunao wengi kweli, makadirio ya mwaka 2016 yalisema trilioni 38 hivi, zaidi kidogo ya seli zetu wenyewe. Baadhi yao wanachukua nyuzinyuzi za chakula na kutengeneza kitu kinaitwa butireti, ambacho ndo chakula kikuu cha seli za utumbo mpana na kinawatuliza wale askari wa kinga. Mwaka 2019 watafiti wa Montreal, Canada, waliwalinganisha wanawake 77 wenye fibromayaljia, yaani ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima na uchovu, na watu 79 wasio nao, wakakuta bakteria wao wanatofautiana. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani wakakuta kwa wagonjwa wa uchovu sugu wale watengenezaji wa butireti wamepungua. Swali la haki hapo ni kuku na yai, maana mtu anayeumwa anakula tofauti, anatembea kidogo, anameza dawa nyingi, na hayo yote yanabadilisha bakteria. Mwaka 2025 watafiti wa fibromayaljia wakapandikiza vinyesi vya wagonjwa kwenye panya, wale panya wakaanza kuonyesha dalili za maumivu, hiyo inatuambia bakteria wanaweza kuwa na mkono wao. Wakawapa pia wanawake 14 bakteria kutoka kwa watu wazima wa afya na maumivu yakapungua, ila ni watu 14 na hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwahiyo asije mtu akakuuzia hiyo kama tiba.

Utasikia pia kwamba asilimia 90 ya serotonini, ile kemikali ya furaha, inatengenezwa tumboni, kwahiyo tengeneza tumbo utafurahi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ila serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, kazi yake kubwa ni kusukuma chakula na kuziamsha neva za utumbo. Inahusika na choo chako na maumivu ya tumbo lako zaidi ya furaha yako.

Jambo moja la hapahapa kwetu ambalo mimi linanigusa kila nikilifikiria. Wahadzabe wa pale Ziwa Eyasi, wanaokula mizizi, ubuyu, matunda ya porini na asali, wamekutwa na bakteria wa aina nyingi kuliko watu wa Ulaya na Marekani, na watafiti wanapanda ndege kuja kuwasoma. Sisi wa mjini tunakimbilia sembe nyeupe na soda alafu tunatafuta bakteria wa kwenye kopo.

Sasa taifodi, na hapa nitakaa kidogo maana inaniuma. Kipimo ulichofanyiwa mara sita bila shaka ni Widal, kimegunduliwa mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu, kinatafuta kingamwili, yaani alama zinazobaki kwenye damu baada ya kinga kupigana. Alama hizo zinaweza kubaki miezi mingi baada ya kupona, zinaweza kutoka kwenye chanjo, zinaweza kupanda kwasababu ya bakteria wengine wanaofanana au hata malaria. Kwa mtu anayeishi kwetu, kipimo kimoja cha Widal kusema "ipo" peke yake hakithibitishi kitu. Taifodi ya kweli ni ugonjwa wa homa, homa inayopanda siku baada ya siku, na kipimo chake sahihi ni kuotesha damu, kinafanyika hospitali kubwa. Mtu hawi na taifodi mara sita ndani ya miaka miwili akiwa hana homa. Kwa maelezo yako, sehemu kubwa ya zile dozi hukuzihitaji, na kila dozi ya sipro na Flagyl imepita kwenye bakteria wako kama panga shambani, limekata magugu na mahindi. Sikulaumu, ulienda kutafuta msaada ukapewa karatasi iliyoandikwa chanya. Ila kuanzia leo, kama huna homa, usipime Widal tena na usikubali antibayotiki kwa karatasi hiyo.

H. pylori, yaani bakteria wa tumboni anayeleta vidonda, ni kitu cha kweli na kinatibika, na kukitibu ulifanya sawa kama kilithibitishwa. Cha kujua ni kwamba kipimo chake cha damu nacho ni cha kingamwili, kinaweza kubaki chanya hata ukishapona. Kuhakikisha kimeondoka, omba kipimo cha choo cha antijeni, yaani kinachomtafuta mdudu mwenyewe, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki yoyote na wiki 2 bila omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Kikiwa hakipo, hiyo sura funga.

Laki na nusu yako ipeleke kwenye vipimo, mara moja, kwa mpangilio, na kama una kadi ya NHIF ulizia vipi vinaingia humo. Kabla ya kusema ni neva lazima tuhakikishe hatuachi kitu kinachotibika, maana nimeona watu wameambiwa "ni neva" kumbe damu imeisha. Pima wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, ile akiba inaweza kuwa imeisha hata wingi wa damu ukionekana wa kawaida, na mwanamke anayepata hedhi nzito, mwenye minyoo ya safura, au aliyekaa na H. pylori muda mrefu anaweza kuipoteza kimyakimya. Vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, figo na ini, VVU, hepatitisi B, na kipimo kinachoonyesha kama kuna mwako mwilini, kile cha CRP au ESR. Ujauzito pia, usicheke, unapimwa kabla ya dawa. Choo kipimwe vizuri, na kwasababu uko kando ya Ziwa Victoria watafute mayai ya kichocho cha tumbo, kile kinachotibiwa kwa prazikwanteli, kinachosha na kinavuruga tumbo na watu wa mwambao wa ziwa wanacho bila kujua. Mwambie daktari kama maumivu na tumbo kujaa vinazidi siku za hedhi, kuna ugonjwa wa endometriosisi, yaani nyama kama ya ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, unajificha hapo miaka mingi. Na kama asubuhi viungo vinakakamaa zaidi ya nusu saa au vidole vinavimba, hiyo ni njia nyingine, baridi yabisi, usiache kusema.

Kuna dalili ambazo ukiwa nayo hata moja usisubiri chochote, nenda: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika damu, uzito kupungua bila kutaka, homa za jioni na jasho la usiku, kuamshwa usingizini na kuharisha, uvimbe tumboni, macho kuwa ya manjano, au kwenye ukoo kuna mtu aliyepata saratani ya utumbo. Maumivu ya tumbo ya ghafla na tumbo kukaza kama ubao, hiyo ni siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Kwa Mwanza mna Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, wana madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani, omba rufaa kama hospitali ya wilaya haitoshi.

Vipimo vikirudi safi, na nadhani kuna uwezekano mkubwa vingi vitarudi safi au na upungufu wa chuma, usivunjike moyo, hapo ndo tunapata jina. Tumbo lako linafanana na IBS iliyoanza baada ya maambukizi. Mwili unaweza kuwa fibromayaljia, au ugonjwa wa uchovu sugu, na hivi viwili vinafanana sana ila vinatofautiana kwenye jambo moja lenye uzito. Jiulize, ukifua nguo nyingi jumamosi, jumapili unakuwaje? Kama unaumwa misuli ila jumatatu uko sawa, tuko upande wa fibromayaljia, na huko kutembea na mazoezi mepesi yanayoongezwa kidogokidogo ndo dawa yenye ushahidi kuliko vidonge vingi. Kama ukijitutumua leo unaanguka kesho au keshokutwa, siku tatu kitandani, koo linauma, akili inaganda, huo ni uchovu sugu wa aina nyingine na kujilazimisha kunakudhuru. Uingereza mwaka 2021 walibadilisha mwongozo wao wa taifa kwasababu hiyo, wakaacha kuwapangia wagonjwa hao mazoezi ya kupanda kila wiki. Kwao kanuni ni kupima nguvu uliyonayo na kuacha kabla haijaisha, kukaa wakati unafundisha, kugawa kazi siku tofauti.

Diklofenaki ipunguze mpaka uiache, kwa kushauriana na daktari. Kwa maumivu yanayotoka kwenye neva zilizoongeza sauti haisaidii kivile, ndo maana unameza na bado unaumwa, na ya kila siku inachubua tumbo na utumbo, inaweza kuvujisha damu na kuumiza figo. Dawa ambayo ningependa uijadili na daktari ni amitriptilini ya dozi ndogo sana, inapatikana na bei yake sio ya kutisha. Ni dawa ya zamani ya sonona, ila kwa dozi ndogo ya usiku inashusha sauti ya neva za tumbo na za mwili na kukupa usingizi. Mwaka 2023 huko Uingereza ilijaribiwa kwa wagonjwa 463 wa IBS, miligramu 10 hadi 30, na waliopewa walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Inakausha mdomo, inaweza kuzidisha choo kigumu, inalewesha asubuhi siku za mwanzo, na mwenye tatizo la moyo au mjamzito ana mazungumzo tofauti, kwahiyo isiwe ya kununua kimyakimya famasi.

Kwenye chakula, usikate kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne walionyesha kuna sukari fulani za vyakula ambazo utumbo mwembamba hauzifyonzi vizuri, zinafika chini zinachachuka, gesi inajaa, na mtu mwenye neva nyepesi anaumia. Kwetu ziko kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu, maharage, ngano ya chapati na maandazi, maziwa freshi, embe, tikiti maji. Ukitaka kujaribu, punguza kundi hilo kwa wiki 4 hadi 6, kula wali, ugali, muhogo, viazi, mchicha, karoti, sato, dagaa, mayai, alafu rudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, uone mbaya wako ni nani hasa. Wengi wanakuta ni viwili tu. Usikae humo miaka, maana hizo sukari ndo chakula cha bakteria wazuri. Maziwa mgando wengi wanayavumilia kuliko freshi. Maharage yaloweke usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya, sehemu ya sukari za gesi inaondoka na maji, bibi zetu walikuwa wanafanya hivyo bila kusoma Monash. Dona badala ya sembe, ulezi, mtama, viazi vitamu, ila ongeza taratibu, kijiko baada ya kijiko, ukiongeza nyuzinyuzi nyingi kwa siku moja utanikumbuka kwa mabaya. Viazi vilivyopoa vina wanga ambao bakteria wanaupenda, hata wali kiporo, ila wali uliolala nje kwenye joto la Mwanza unaota bakteria wa kutapisha, kama hauna friji achana nao.

Probayotiki za vidonge, yaani bakteria wazuri wa kumeza, zinasaidia baadhi ya watu wa IBS, hatujui nani kabla ya kujaribu, na hakuna aliyethibitisha kwamba zinaondoa fibromayaljia au uchovu sugu. Una hela ya ziada, jaribu moja mwezi mmoja mpaka mitatu, usipoona tofauti acha. Vile vipimo vya bakteria vya kutuma choo nje ya nchi usilipie, majibu yake yanakuja na rangi nzuri lakini hakuna daktari anayeweza kukutibu kwa kuyatumia.

Usitegemee kuamka siku moja umepona. Ninachokiona kwa wagonjwa ni usingizi unaanza kutengemaa, alafu tumbo, alafu siku mbaya zinapungua kutoka nne kwa wiki kuwa mbili, na hiyo ni miezi, sio wiki. Weka daftari, andika umelala vipi, umekula nini, choo, maumivu namba ngapi kati ya kumi, umefanya kazi gani jana yake, hedhi iko wapi. Mwezi mmoja tu wa hilo daftari utamsaidia daktari kuliko karatasi sita za Widal.

Na baba watoto, kama unasoma hapa na mke wako. Wale watu wa Bergen hawakukubaliana waugue mawazo mwaka mmoja. Mwenzio anaumwa kitu ambacho hakionekani kwenye ultrasaundi, na kinachomsaidia sana kwa sasa ni mambo madogo ambayo wewe unayaweza, ndoo za maji usimwachie, jumamosi fueni wote au tafuteni wa kufua, usiku mpe nafasi alale saa ileile kila siku. Siku ya kliniki nenda naye, mbebee hilo daftari, na daktari akiuliza hali ikoje nyumbani jibu wewe, yeye atakuwa amechoka kueleza.